Mtoto kagoma kumwamkia bibi yake: jibu langu kwa mama wa Kimara

Dada mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, kaniandikia, nimefupisha maneno yake: "Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume miaka 4 na nusu. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Muheza, Tanga, kukaa na sisi wiki mbili. Siku ya kwanza tu mtoto kagoma kutoa shikamoo, kajificha nyuma ya kochi, tukimlazimisha analia. Jioni bibi kakaa mbele ya tivii, mtoto kamwambia we bibi toka hapo sioni. Usiku tumekula sinia moja, yeye kapitisha mkono mpaka upande wa bibi yake kachukua nyama. Baba yake kampiga kofi palepale, mtoto kalia mpaka kalala, na mama mkwe akasema huyu mtoto hajalelewa. Mimi natoka asubuhi narudi saa 1 usiku, mtoto anashinda na dada wa kazi na katuni. Je nimechelewa? Nitumie fimbo? Desemba tunatakiwa Muheza wiki nzima na ninaogopa."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na pole kwasababu ile hali naijua, mama mkwe kaja, umepika, umesafisha nyumba, umetoa na mashuka mapya, afu mtoto ndo anakuangusha mbele ya watu. Lakini hapana, hujachelewa. Miaka minne kwenda mitano ndo mtoto anaanza kuelewa vizuri kwamba mtu mwingine ana mawazo yake tofauti na ya kwake. Nimekaa na watoto wa chekechea hapa Tanga miaka 26 na umri huu ndo naupenda kuliko yote, maana ukipanda kitu unakiona kinaota.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla sijaenda mbali. Mtoto mdogo anafundishwa adabu kabla mgeni hajafika, mgeni akishaingia mlangoni kwa siku hiyo umeshachelewa. Wazazi wengi tunafundisha palepale kizingitini, mgeni kasimama na begi lake, mama anamsukuma mtoto mgongoni, "amkia! si uamkie! sema shikamoo!", na watu wote wanamwangalia. Hapo mtoto hajifunzi salamu, anajifunza kwamba mgeni akija mimi nasukumwa. Ni sawa na mtu umkalishe kwenye mtihani wa somo ambalo hajawahi kufundishwa, akifeli umchape.

Sasa tuje kwa mwanao. We umeyaweka yale mambo matatu kwenye kapu moja ukasema mtoto hana adabu, mi nayaona ni mambo matatu tofauti kabisa na kila moja lina dawa yake. La shikamoo ni woga. La toka hapo ni lugha aliyoisikia mahali. La nyama ni kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha sinia linaliwaje. Ukiyatibu yote kwa kofi moja hakuna litakalopona.

Tuanze na shikamoo maana ndo inawaumiza wazazi wengi. Bibi kwako ni mama mkwe, kwa mtoto yule ni mtu mzima mgeni ambaye kamwona labda mara mbili maishani, harufu tofauti, sauti tofauti, na kaja kukaa kwenye kochi lake. Mtoto wa miaka minne akiogopa mara nyingi anafanya vitu viwili, anajificha au anakuwa mkorofi, na wako kafanya vyote kwa siku moja. Afu fikiria neno lenyewe. Wazee wanatuambia shikamoo ni nashika miguu yako, yani ni neno zito la kujishusha, lakini mtoto hajui maana yake, yeye anajua ni kelele fulani ambayo watu wakubwa wanaitaka kwa nguvu. Na hajui pia nani anapewa. Dada wa kazi wa miaka 17 anapewa? Konda? Mjomba kijana? Huyu kaambiwa asalam aleikum, yule kaambiwa hujambo, yule mwingine mambo, mtoto anachanganyikiwa anaona bora anyamaze. Mpe kanuni moja rahisi, watoto wangu nilikuwa nawaambia mtu yeyote anayelingana na mama au kumzidi mama ni shikamoo, basi, akikosea kidogo hakuna anayeumia, hakuna mtu aliyewahi kukasirika kwa kupewa shikamoo ambayo haikuwa yake.

Jinsi ya kumfundisha ni mchezo. Jioni ukirudi, hata ukiwa umechoka, dakika tano tu. Toka nje ya mlango wa chumba, piga hodi, yeye ndo mwenye nyumba aseme karibu. Ingia umeinama kidogo, mwambie "shikamoo babu", yeye ajibu marahaba. Usishangae, watoto wanapenda kupokea marahaba kuliko kutoa shikamoo, kumwona mama mzima anamwinamia yeye kunampa raha ya ajabu atataka mrudie mara kumi. Siku ya tatu badilisheni, yeye ndo mgeni. Siku nyingine mwanasesere awe bibi, siku nyingine mtungi, we weka chochote. Kufika wiki ya pili neno linakuwa jepesi mdomoni, halina tena ile fundo ya kulia. Afu mpigie bibi simu mara mbili kwa wiki, mtoto atoe shikamoo kwenye simu, huko hakuna macho ya kumwangalia, na asikie marahaba ya bibi mwenyewe na lile neno la bibi zetu wa huku "hujambo mume wangu". Desemba akifika Muheza ile sauti anaijua tayari.

Na siku yenyewe ikifika, mkishuka kwenye gari, kabla ya kuingia uani, chuchumaa uwe sawa na macho yake umwambie kwa maneno machache nini kinakuja: "Tunaingia kwa bibi. Mama anaamkia, halafu wewe, halafu tunaenda kuona kuku." Watoto hawapendi kushtukizwa. Sasa ikitokea amegoma, toa shikamoo yako, mwambie bibi "mwenzangu leo bado ana haya, ataamkia akizoea", ukaendelea na mambo mengine. Usirudi nyuma, usimbembeleze mbele za watu, usimtishe. Mara nyingi baada ya nusu saa anakuja mwenyewe pembeni pembeni, na hapo mtu mzima mwenye busara anaanza yeye, "hujambo baba?", na mtoto anapata pa kuingilia. Ndo maana wazee wetu wa pwani hawasubiri mtoto aanze kila mara, wanamwita kwa hujambo, akijibu sijambo inafuata shikamoo bila nguvu.

Nikumbushe pia kwamba salamu ina mwili. Mtoto wa kimasai anainamisha kichwa mkubwa amguse, usukumani watu wanapiga magoti, huku kwetu wako wanaobusu mkono wa babu au wa mwalimu wa madrasa. Muulize mumeo kwao Muheza wanafanyaje hasa, mfundishe mwanao hicho hicho, maana bibi ataangalia mwili kabla ya kusikia neno.

Lakini hapa naomba unisikilize kwa makini kabisa. Salamu ni wajibu, kupakatwa sio wajibu. Mtoto akitoa shikamoo yake inatosha, hataki kukaa mapajani kwa mjomba, hataki kubusiwa na rafiki wa baba, asilazimishwe, na asiambiwe kwamba anakosa adabu. Nimeona mengi kwenye hii kazi, na watoto waliofanyiwa mambo mabaya wengi wao walifanyiwa na watu wanaowaamkia kila siku, na walinyamaza kwasababu waliambiwa mkubwa hakataliwi. Mfundishe mwanao kwamba anaweza kusema "hapana, sitaki" kwa sauti ya adabu na kwamba jambo lolote la mwili wake mama hafichwi. Heshima kwa wakubwa isiwe kamba ya kumfungia mdomo.

Haya, la pili, "we bibi toka hapo". Hili silo la bibi, hili ni la nyumba yenu, na nakuambia kwa upendo. Mtoto wa umri huu hatungi matusi wala amri, anakopi. Nilikuwa na binti mmoja darasani, mwenzake akimwaga maji yeye anaweka mkono kiunoni anasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "macho unayo au huna?" Darasa zima wanacheka. Wiki mbili baadae nikawa getini asubuhi nikamsikia mama yake anamwambia kijana wa bodaboda maneno yale yale, kwa sauti ile ile, mpaka mkono kiunoni. Mama yule ni mtu mzuri tu, hakujua kama anasikilizwa. Kulikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Albert Bandura, mwaka 1961 kule Stanford Marekani alichukua watoto 72 wa chekechea, wengine wakamwangalia mtu mzima anampiga na kumtolea maneno mwanasesere mkubwa wa kujaza upepo, wengine wakamwangalia mtu mzima anacheza kwa utulivu. Wale walioona kipigo wakiachwa na mwanasesere wakampiga vile vile na kwa maneno yale yale. Hawakuambiwa fanyeni, waliona tu.

Kwaiyo siku moja ya Jumamosi kaa nyumbani usikilize bila kusema kitu. Dada wa kazi anaambiwaje? (Wengine wanamwita beki tatu, mi neno hilo silipendi, ni mtoto wa mtu na ndo anayekulelea mwanao masaa kumi na mbili kwa siku.) Kama ndani kwenu ni "we leta maji", "toa hicho hapo", "toka hapo napita", basi mwanao kamwambia bibi yake maneno ya kawaida ya nyumbani, na kwa masikio yake hakuna kosa lolote. Anza wewe na baba yake. "Naomba uniletee maji." "Nipishe kidogo nipite." "Asante." Dada naye amwambie mtoto hivo hivo, na mtoto amwambie dada hivo hivo, na asipopewa asante yake dada aruhusiwe kuidai. Hakuna mtoto anayeweza kumheshimu bibi anayekuja mara moja kwa mwaka wakati anamdharau mtu anayemwogesha kila siku.

Na hapo kwenye maneno, naona wazazi wengi wa mjini wanakazana na tafadhali, tafadhali, sema tafadhali, kwasababu wameisikia kwenye katuni zilizotafsiriwa. Sio neno baya, lakini Kiswahili adabu yake kubwa inakaa kwenye naomba. Mtoto akisema "naomba maji" amemaliza, akisema "nipe maji tafadhali" bado ameamrisha, ameongeza mkia tu. Mfundishe naomba. Mfundishe nipishe. Mfundishe kuitika, akiitwa na mtu mzima asijibu "nini?", kwa huku kwetu mtoto wa kiume anaitika naam na wa kike abee, ukimpeleka Muheza akaitika naam nakwambia bibi yake atasahau yote ya mwezi uliopita.

Neno jingine ambalo mi nalipenda kuliko yote na watu hawalifundishi ni pole. Angalia vizuri, samahani ni ya aliyekosea, lakini pole inatoka hata kwa asiyekosea. Mtu kajikwaa, pole. Mama karudi kazini, pole na kazi. Dada kajikata kidole na kisu, pole dada. Mtoto akizoea kutoa pole anazoea kuangalia sura za watu, huyu kachoka, huyu kaumia, na mi naamini huo ndo mzizi, mengine yote ni matawi. Samahani ya kulazimishwa mtoto anaitema kama dawa chungu na dakika hiyo hiyo anarudia kosa. Nilipokuwa darasani mtoto akimpiga mwenzie sikuwa nasema "muombe samahani haraka", nilikuwa namleta karibu, "mwangalie, analia, unadhani ameumia wapi? tumsaidieje?", mara nyingine anaenda kuleta maji, mara nyingine anampulizia mkono, samahani inakuja mwishoni na inakuja ya kweli.

La tatu, sinia. Nyumbani kwenu kila mtu ana sahani yake, sijakosea? Mtoto hajawahi kula pamoja, ghafla kawekwa kwenye sinia na wakubwa wanne, nyama inaonekana, mkono ukaenda. Sinia lina sheria zake na hazijaandikwa popote. Unanawa, unataja jina la Mungu, unakula kwa mkono wa kulia, unakula upande wako, wali wa mbele yako, unaacha nyama mpaka mkubwa agawe au akusogezee, hulambi vidole ukarudisha kwenye chakula, ukishiba unashukuru, hunyanyuki wakati wakubwa bado wanakula. Mambo mengi hayo kwa mtoto! Waislamu wanakijua kisa cha Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume s.a.w., mkono wake ulikuwa unazunguka chombo kizima. Hakupigwa, hakufukuzwa. Aliambiwa vitu vitatu vifupi, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa kulia, ale cha mbele yake, na ukubwani mwenyewe akasimulia kwamba toka siku ile ndo akawa anakula hivo. Tazama alivyoambiwa, ni vitu vya kufanya. Sisi tunasema usichezee chakula, usipitishe mkono, usifanye hivo, mtoto anabaki anajua kumi asivyotakiwa kufanya na hajui hata kimoja cha kufanya.

Basi Jumapili moja moja tandika mkeka, weka sinia, kuleni wote pamoja na dada. Mchoree mtoto upande wake na kidole kwenye wali, "hapa ni shamba lako, bibi naye ana shamba lake". Nyama mgawie wewe mwishoni, na mwanzoni usimcheleweshe sana, mtoto wa miaka minne kusubiri dakika mbili ni safari ndefu, ongeza taratibu. Na kama mwanao ni mtumiaji wa mkono wa kushoto, wapo wengi, kula na kupokea mzoeshe wa kulia kwa upole kwasababu Muheza wataangalia hilo, lakini kuandika na kuchora muache na kushoto kwake, usimfunge mkono wala usimpige vidole, huko ni kumtesa.

Sasa fimbo. Najua mumeo ana uchungu, kaaibika mbele ya mama yake mzazi, simlaumu sana. Lakini hebu liangalie lile kofi kwa macho ya mtoto: bibi kaja, siku ile ile nimepigwa. Mara nyingine bibi akija atakumbuka nini? Mimi nilianza kazi hii na fimbo mkononi, ndo tulivyokuta, na watoto wangu walikuwa wanaamkia kwa sauti moja kama askari. Siku moja nikagundua hawaniangalii usoni, wanaangalia mkono wenye fimbo. Na nikitoka darasani nikimwachia msaidizi asiye na fimbo, hakuna salamu, hakuna asante, hakuna kitu. Nikaelewa kumbe adabu ilikuwa ya ile fimbo, haikuwa yao. Niliiacha, miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu sana, baadae ikawa nafuu, na sikuirudia.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haijamkataza mzazi kurekebisha mtoto, ila inasema adhabu isiyoendana na umri na hali ya mtoto haina uhalali, na kama mtoto kwa udogo wake haelewi anaadhibiwa kwanini, hapo pia hakuna uhalali. Na ule utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya watoto, wa kike na wa kiume, wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Robo tatu! Kama kipigo kingekuwa kinaleta adabu hii nchi tusingekuwa tunalalamika kuhusu vijana kila siku kwenye daladala.

Haimaanishi umwache. Mi ni mkali, waulize niliowafundisha. Lakini ukali wangu ni wa kurudia. Mtoto kaingia bila hodi, simwambii hana adabu, namwambia "rudi nje uingie tena." Anatoka, anapiga hodi, nasema karibu, yamekwisha. Kasema "nipe", namwambia "anza tena." Kanyang'anya, kitu kinarudi kwa mwenyewe, afu anaomba upya. Bila kelele, bila hotuba, sura ya kawaida tu, kila mara, hata mara ishirini kwa siku. Hii ndo kazi yenyewe na inachosha, sikufichi. Angekuwa kwangu siku ile ya tivii ningemshika mkono tukatoka pembeni, nikachuchumaa, "bibi haambiwi toka, bibi anaambiwa naomba unipishe, twende tukaseme tena", akikataa tivii inazimwa na maisha yanaendelea. Pembeni, mwanangu, sio mbele ya watu, mtoto naye anaona aibu kama sisi, na aibu ikimzidi hasikii unachosema.

Akipatia mwambie alichofanya. "Umempisha bibi, umeona alivyotabasamu?" Hiyo inatosha. Usimzoeshe pipi na biskuti kwa kila shikamoo. Kuna utafiti wa mwaka 2008 wa wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, watoto wadogo kabisa wa miezi 20 walikuwa wanamsaidia mtu mzima kuokota vitu vilivyomwanguka, wenyewe bila kuambiwa, wale waliopewa zawadi kwa kusaidia, baadae zawadi ilipokosekana wakasaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Mtoto tayari ana hamu ya kuwa mwema, ukianza kumlipa unaigeuza kuwa biashara.

Katuni nazipitia haraka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Najua dada ana kazi za ndani na tivii inamsaidia kutuliza mtoto, usimkaripie kwa hilo, mpe kitu mbadala, mtoto achambue mchele nae, akunje nguo ndogo ndogo, achote maji kwa kikombe, huku wanaongea. Salamu na asante zinatoka kwenye maongezi, na tivii haijibu marahaba. Na jingine, mgeni akiingia tivii izimwe na simu ziwekwe chini, na nyie wakubwa pia. Siku ile bibi alikalishwa mbele ya tivii inayowaka, kwa kweli aliyekosea kwanza hapo ni mtu mzima.

Kabla sijasahau, kama mwanao hata kwenu nyumbani hageuki akiitwa jina lake, haangalii watu machoni, maneno yake ni machache sana kuliko wenzake wa mtaani, au anarudia kitu kimoja kwa masaa, nenda kituo cha afya kwanza wakaangalie masikio na makuzi yake. Nimewahi kupokea mtoto aliyeitwa jeuri mwaka mzima, kumbe alikuwa hasikii sikio moja na la pili linasikia kidogo. Kwa ulivyoeleza wako sidhani, ila hakikisha.

Imebaki mama mkwe. Mpigie simu wiki hii, usisubiri Desemba. Mwambie, "mama naomba radhi kwa yale ya siku ile, mjukuu wako tunamfundisha, na tunaomba utusaidie." Hilo neno tunaomba utusaidie lina nguvu sana kwa mama wa Muheza, hujamwambia alikosea kusema mtoto hajalelewa, umempa kazi. Muulize wao walikuwa wanawafundishaje watoto kula sinia, mwache aeleze, atafurahi na we utaokota mawili matatu. Mkifika huko mtoto asikae karibu yako muda wote, mwache akae na bibi kwenye mbuzi wakati anakuna nazi, amshikie chungio, aende nae kuokota mayai, asimuliwe hadithi usiku. Mtoto anamheshimu mtu aliyecheka nae.

Na mumeo mwombe mkae siku moja mkubaliane, maana we ukisema rudia tena na yeye akitoa kofi mtoto atajifunza kumwogopa mmoja na kumchezea mwingine. Muonyeshe hii meseji kama anapenda kusoma. Mwambie mwalimu kasema anaelewa uchungu wake.

Una wiki kama nane mpaka Desemba, zinatosha. Anza leo jioni na hodi ya chumbani. Na siku mtakayoshuka Muheza usimtangulize mtoto. Tangulia wewe, umevaa khanga yako vizuri, umwinamie mama mkwe, shikamoo yako itoke kwa sauti mwanao aisikie, afu subiri hapo hapo pembeni bila kugeuka kumwangalia.